Mawifi na Ndoa ya Modeli

Wivu wa Shangazi haukuanzia kwenye kompyuta, ingawa ofisini wengi walidhani hivyo. Ulianzia kwenye kiyoyozi.

Chumba cha mashine kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido, hakina dirisha, na kompyuta zilizomo zilipumua moto kama tanuri. Kiyoyozi kilipokufa, ni yeye mwenyewe aliyesema, "Msihangaike, mdogo wangu ni fundi wa majokofu, nampigia sasa hivi." Akampigia. Mdogo wake akaja na mkoba wake wa bisibisi, akapanda juu ya meza, akafungua, akafunga, akapuliza vumbi. Alipotoka akamkuta mlangoni dada mmoja mgeni, mtaalamu wa hali ya hewa aliyeajiriwa mwezi ule, amejizungushia mtandio shingoni.

"Fundi, tulikuomba utupoze, wewe umetugandisha!"

"Ukiganda niite, nitakuja kukuyeyusha," akasema fundi, yeye ambaye siku zote alikuwa haongei na wanawake mpaka aulizwe.

Shangazi alikuwa amesimama hapo hapo na faili mkononi. Alicheka pia. Kabla mwaka haujageuka, yule mgeni akawa wifi yake, na walipopata mtoto ofisi nzima ikaanza kumwita Shangazi, hata Mkurugenzi aliyemzidi umri. Jina likamganda. Kila lilipoitwa lilimkumbusha kwamba yeye ni dada wa mtu, na mtu mwenyewe keshachukuliwa.

Maana yule mdogo wake alimlea. Mama yao alipofariki, Shangazi alikuwa binti wa sekondari, na yule mtoto hajaanza hata kusoma. Alimwogesha, akamchapa, akamfunza kufunga kamba za viatu. Alipopata kazi kwenye taasisi hii ya mipango ya nishati, mdogo wake ndiye aliyekuwa akija mchana kumletea chakula, akakaa kwenye kiti cha wageni na kusikiliza habari za mitambo na mabwawa kana kwamba anasimuliwa mechi. "Ehe, dada, halafu bwawa likakauka, halafu ikawaje?" Siku hizi alikuwa bado anakuja mchana. Ila alipanda ngazi akipita mlango wa dada yake kwa salamu ya kupungia mkono, chakula kikienda meza ya pili kutoka dirishani, kwa mkewe.

Kilichobaki kuwa chake peke yake ni ile modeli.

Aliijenga miaka mingi, kipande kwa kipande, tangu wakati kompyuta ya ofisi ilikuwa moja na inafunikwa kitambaa. Ilikuwa modeli ya umeme: unaiambia nchi ina watu wangapi, viwanda vingapi, majiko mangapi ya kupikia, nayo inakuambia ujenge mitambo gani, lini, na ipi uizime ili moshi upungue. Ofisini waliiita Bi Mkubwa. Ilikuwa nzito, ina maringo, ukiibonyeza vibaya inakunyamazia. Lakini haikuwahi kumwangusha mtu mbele ya wizara.

Wifi yake naye alikuja na ya kwake, modeli ya hali ya hewa. Yenyewe ilijua jua litawakaje, upepo utavumaje, mito itashukaje miaka thelathini ijayo. Ilikuwa nyepesi, ina ramani za rangi, na wageni walipotembelea taasisi walipelekwa kwake kwanza. Shangazi alizichukia zile rangi. "Mapambo," alisema. "Dunia haina zambarau kiasi kile."

Halafu siku moja Mkurugenzi akasimama kwenye kikao, mikono mfukoni, akasema:

"Bi Mkubwa anajua umeme, hajui mvua. Huyu mwingine anajua mvua, hajui umeme. Mmoja anatuambia tutegemee mabwawa, mwenzake anajua kabisa mto utakauka. Tukitaka kujua tutahamaje kutoka kwenye moshi kwenda kwenye jua na upepo, lazima wazungumze. Nataka modeli hizi mbili zioanishwe."

Neno lilikuwa la kitaalamu, lakini hakuna aliyelisikia kitaalamu. Chumba kikalipuka.

"Posa inapelekwa kwa nani?" mmoja akauliza.

"Bibi harusi ni yupi hapo? Bi Mkubwa ana umri wa kustaafu!"

"Basi ni uke wenza huo," akasema Shangazi, na wote wakacheka wakidhani ametania.

Kazi ya kuandika programu ya kubeba namba kutoka modeli moja kwenda nyingine alipewa mpanga-programu mmoja mwenye upara na tumbo la starehe, na kuanzia saa ile akaitwa Mshenga. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Akifika asubuhi alipita meza kwa meza: "Upande wa kike wanasema wanataka maji ya mabwawa. Upande wa kiume wanasemaje?" Modeli ya hali ya hewa ilitoa jua, joto na mvua ya kila saa, Mshenga akazibeba hadi kwa Bi Mkubwa, Bi Mkubwa akaamua mitambo gani ijengwe, maji kiasi gani yaachiwe, Mshenga akarudisha majibu. Walirushiana hivyo mpaka namba za pande zote mbili zikatulia, yaani mpaka walipokubaliana.

Na Mkurugenzi akaongeza jambo lililomnyima Shangazi usingizi. Kitaundwa kitengo kipya cha modeli zilizooanishwa. Mkuu wake atatajwa baada ya kuwasilisha matokeo mbele ya wizara. Na atakayewasilisha ni Wifi.

"Wewe Shangazi utakaa mstari wa mbele," Mkurugenzi alimwambia. "Uwepo wako tu unatosha."

Uwepo wake tu. Kama pambo la ukumbini.

Matokeo yalipotoka, ofisi ilipiga vigelegele. Yalikuwa mazuri ajabu. Nchi ingeweza kufunga mitambo yake yote ya mafuta, ikajaza paneli za sola, na wala isihitaji betri za kuhifadhi umeme wa jioni, wala kituo cha umeme wa akiba ambacho wizara ilikuwa ikikipigania. Mshenga alicheza katikati ya meza. Mkurugenzi alimwita Wifi "bingwa wetu" mara tatu mbele za watu, na kila mara Shangazi alihisi kitu kama punje ya mchanga kikiingia jichoni. Mdogo wake alikuja mchana ule na soda za kila mtu. Alimpa dada yake ya kwake akiwa ameshageuza shingo kumtazama mkewe.

"Dada, umesikia? Mke wangu kafuta mitambo ya mafuta!"

"Na Bi Mkubwa je? Alikuwa amelala?"

"Ah, na wewe pia, dada. Bila shaka na wewe."

Lile "na wewe pia" lilimkaa kooni kuliko soda.

Kesho yake, wenzake walipokwenda kula, Shangazi alibaki. Alikaa akaanza kuyachambua yale matokeo kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto wa jirani: si kwa kumwonea huruma, ni kwa kutaka kumwonyesha mamake. Hesabu za mwaka zilikaa sawa. Za mwezi, sawa. Akashuka mpaka kwenye siku moja tu, akachora mstari wa jua saa kwa saa na mstari wa matumizi ya umeme, akautazama.

Akacheka peke yake, kwa sauti.

Jua lilikuwa linachomoza saa sita mchana. Utosini linafika saa kumi na mbili jioni, wakati watu wanawasha taa na majiko. Na kuzama, linazama saa sita usiku.

Hakuhitaji kujiuliza. Kosa lile alilijua kama anavyojua sauti ya mlango wake. Alipoijenga Bi Mkubwa, takwimu zake za kwanza zilitoka kwa wafanyakazi wa zamu kwenye chumba cha kuongozea gridi, nao waliandika saa kama watu wanavyosema saa: moja ni saa moja ya asubuhi, mbili ni saa mbili, mpaka kumi na mbili jioni, halafu unaendelea. Naye alizipanga hivyo hivyo. Siku ya Bi Mkubwa ilianza watu wanapoamka. Lakini modeli ya Wifi ilihesabu kama mashine zinavyohesabu, kuanzia katikati ya usiku. Kwake kumi na mbili ni adhuhuri. Mshenga naye alichukua safu ya moja akaifunga kwenye moja, kumi na mbili kwenye kumi na mbili, akasugua mikono. Adhuhuri ya modeli ya Wifi ikatua kwenye magharibi ya Bi Mkubwa. Ndiyo maana betri hazikuhitajika! Jua lenyewe lilikuwa linafanya kazi ya zamu ya usiku.

Popote kwenye maelezo ya Bi Mkubwa hapakuandikwa saa yake inaanzia wapi. Nani angeandika? Saa moja ni saa moja.

Alinyanyua simu ya mezani ampigie Wifi. Akaishika. Akaona ukumbi wa wizara, wahandisi wamekunja sura, na mtu mmoja anauliza, "Bibi, hili jua lako linazama saa ngapi?" Akaona yule bingwa anatafuta maneno. Akairudisha simu mahali pake, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Jioni ile Wifi alimwalika kula. Si jambo la ajabu, walikuwa wanakula pamoja mara kwa mara. Nyumba yao ilikuwa ndogo, safi, jokofu kubwa kupita sebule, maana fundi hakosi jokofu. Mtoto alimpandia Shangazi mapajani, akamvuta hereni. Mdogo wake aliosha vyombo akiimba. Kule kwao hajawahi kuosha hata kijiko.

"Kumbe maji hayakuumi mikono," Shangazi akamtupia.

"Nimeoa bosi, dada. Bosi akisema osha, unaosha."

Wakacheka wote watatu, na kicheko cha Shangazi kilitoka kikiwa na meno mengi kuliko furaha.

Shangazi alipokwenda kumlaza mtoto, Wifi alimfuata hadi chumbani, akafunga mlango kwa mgongo. Uso ulikuwa umemshuka.

"Wifi, nikuambie kitu, usinicheke."

"Niambie."

"Naogopa. Haya matokeo ni mazuri mno. Mimi sijawahi kuona kitu kizuri hivi kisiwe na ila. Nimepitia upande wangu mara ngapi sijui, uko sawa. Upande wa Bi Mkubwa siujui, unaujua wewe peke yako. Nipitie, wifi yangu. Hata kidogo tu. Kesho kutwa nitasimama mbele za watu wale."

Alikuwa amemshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Shangazi aliutazama, na kinywa chake kilikuwa tayari kusema. Neno lilikuwa ulimini. Lakini jikoni mdogo wake akaita, "Mke wangu, taulo liko wapi?", kwa sauti laini ambayo yeye, aliyemlea, hakuwahi kuitiwa.

"Nimeshapitia," akasema Shangazi. "Yako sawa. Wewe una woga tu."

"Kweli?"

"Nikudanganye ili iweje?"

Wifi akamkumbatia, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Shangazi alisimama mikono imening'inia. Akiwa njiani kwenda kwake alijiambia kwamba hakudanganya sana. Alisema tu ameshapitia, na kweli alikuwa amepitia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wizara ilileta wahandisi, wahasibu, na mama mmoja mkubwa wa mipango ambaye kila mtu alisimama alipoingia. Mkurugenzi alivaa tai. Mshenga alikaa karibu na projekta, jasho likimtiririka kwenye upara ingawa kiyoyozi kilifanya kazi. Shangazi alikaa mstari wa mbele, kama alivyoagizwa. Uwepo wake tu.

Wifi alizungumza vizuri. Hilo ndilo lililomchoma Shangazi. Alitegemea wasiwasi, akakuta utulivu, tena utulivu ambao yeye mwenyewe ndiye aliyempa kule chumbani. Wifi alieleza ndoa ya modeli bila kutumia neno gumu hata moja. Wahandisi walitikisa vichwa kukubali. Yule mama wa mipango akaandika kitu, akamnong'oneza jirani yake, "Huyu binti anafaa." Shangazi alisikia.

Akangoja wamuulize. Wahandisi wale wote, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Walitazama zile jumla za mwaka, zile rangi, wakafurahi. Mama wa mipango akafunga kalamu. "Kwa hiyo kituo cha akiba tukiondoe kwenye mpango?"

"Kwa mujibu wa modeli," akasema Wifi, "hakihitajiki."

Ikawa imekaribia kupita. Wifi ataondoka na ushindi, na jua litazama saa sita usiku, na hakuna atakayejua mpaka miji iingie gizani. Shangazi alijikuta amesimama. Wengine wangesema ni uaminifu kwa kazi. Kidogo ulikuwepo. Lakini kilichomwinua kitini hasa ni yale maneno, huyu binti anafaa.

"Nina swali," akasema. "Jua lako, wifi, linazama saa ngapi?"

Wifi akatabasamu, akidhani ni utani wa kumsaidia. "Kama kawaida, saa kumi na mbili na kitu."

"Mshenga, weka siku moja ukutani. Yoyote. Saa kwa saa, kwa saa za Bi Mkubwa."

Mshenga akabonyeza. Ule mlima wa njano ukatokea ukutani, kilele chake juu ya magharibi, mguu wake wa mwisho umekanyaga katikati ya usiku. Mhandisi mmoja akaangua kicheko. "Jamani, huko tutaanika nguo usiku!" Wakacheka wengi. Mkurugenzi alishika tai yake kana kwamba inamnyonga.

Wifi hakucheka wala hakulia. Aliutazama mstari, midomo ikihesabu. "Saa sita," akasema taratibu. "Limesogea saa sita kamili. Kumi na mbili ya nani hii? Yangu ni adhuhuri." Akageuka. "Wifi, Bi Mkubwa anaanza siku saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Kama watu."

"Haikuandikwa popote."

"Haikuulizwa."

"Mshenga, sogeza sita, endesha upya kwa mwaka mmoja tu. Itachukua dakika chache." Wifi akawageukia wageni, sauti yake imetulia. "Naomba radhi. Kosa tumeliona. Namba zitabadilika, betri zitarudi, na nadhani kituo cha akiba pia. Lakini mitambo ya mafuta bado itapungua, hilo naamini. Subirini tuone."

Walisubiri. Zikarudi kama alivyosema. Betri nyingi, kituo cha akiba kimoja, moshi umepungua zaidi ya nusu. Si muujiza tena, ni mpango. Yule mama wa mipango akamtazama Shangazi juu ya miwani.

"Vizuri sana, mama. Umetuokoa na aibu. Uliligundua sasa hivi, hapo ulipokaa?"

Shangazi alikuwa amenona kwa sifa. Zilikuwa zimemwingia zote kwa pamoja baada ya njaa ndefu. Alitaka waone kwamba hakubahatisha, kwamba alichambua kwa utaratibu wake. Likamtoka kabla hajalizuia.

"Hapana, juzi."

Makofi yakalimeza neno lile, hata yule mama hakulisikia. Mkurugenzi alikuwa anapiga makofi tayari. Ni Wifi tu aliyeinua uso kutoka kwenye kompyuta.

"Juzi?" akasema. Si kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na hana uhakika.

Shangazi akawageukia waliokuwa wakipiga makofi. Wifi akainama akaanza kukunja waya wa kompyuta yake, taratibu, duara juu ya duara.

Kitengo kipya alipewa Shangazi. Mkurugenzi alisema kwenye kikao kwamba mambo makubwa yanahitaji jicho la mzoefu, na watu wakapiga meza. Alipata chumba chenye dirisha na kiti kinachozunguka. Wifi alikuwa chini yake sasa, na alifanya kazi kama kawaida: akaandika maelezo ya saa za modeli zote mbili, akayaleta yatiwe sahihi, akasema "ahsante", akatoka. Hakusema lolote la juzi. Shangazi alimngojea aseme. Alikuwa ameandaa majibu, makali mengine, mengine ya machozi, na yote yalikaa bila kazi.

Kilichomtisha zaidi ni mdogo wake. Shangazi alijua tu kwamba mkewe amemwambia. Ingekuwa yeye, angesema usiku ule ule kabla hajavua viatu. Kwa hiyo mchana fundi alipopanda ngazi na vyombo vya chakula, Shangazi alikaza mikono kwenye viegemeo vya kiti.

Akaingia. Hakupunga mkono, aliingia kabisa, akakaa kwenye kiti cha wageni, kama zamani.

"Mheshimiwa mkuu wa kitengo!" akasema. "Mbona umenuna na kiti chote hicho?"

"Wifi yako... mkeo hajambo?"

"Hajambo. Amechoka tu." Fundi akashusha sauti. "Dada, nimekuja kukushukuru. Kaniambia kila kitu."

"Kakuambiaje?"

"Kwamba alikuwa anakwenda kuanguka mbele ya wizara nzima, na wewe ndiye uliyemdaka. Kasema kosa lile lisingeonwa na mtu mwingine duniani. Nikamuuliza, wewe umeumia kukosa cheo? Akasema hapana, kimekwenda kwa mwenyewe."

"Basi? Hakusema kingine?"

"Kingine kipi?"

Nje kwenye korido zilisikika hatua za Wifi na Mshenga wakibishana kuhusu mvua ya mwaka fulani ambao haujafika bado, Wifi akicheka. Fundi akageuza shingo mlangoni, uso ukamng'aa, halafu akakumbuka yuko na dada yake, akajirudisha kwa adabu.

"Hakuna," akasema Shangazi. "Nenda ukale, chakula kitapoa."

Alipobaki peke yake aliusukuma mlango wa chumba chake mpaka ukajifunga, akakaa. Alikuwa amepata kiti, amepata makofi, na siri yake imefichwa na mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea. Angeshukuru, lakini alipojipapasa moyoni hakuikuta shukrani. Alikuta tu kwamba hata hapo, kwenye kunyamaza, yule mwanamke alikuwa amemzidi. Naye akamwonea wivu kwa hilo pia, kuliko alivyowahi kumwonea kwa lolote.